Mjadala: Cheti cha Msajili kitoshe, au NGO ndogo za Kigoma ziendelee kupiga hodi kwa Kamishna wa Kodi?

Mwanzisha mada, Kigoma Mjini

Wanajamvi, habari za jioni. NGO ikishasajiliwa na Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, cheti kile kitoshe kuitambulisha kuwa taasisi ya hisani mpaka TRA (Mamlaka ya Mapato), au ni haki iende tena kwa Kamishna wa TRA kuomba uamuzi wake kwamba ni ya hisani? Msimamo wangu nautoa mapema: kwa asasi ndogo, cheti kitoshe.

Nieleze nilikotokea. Asasi yetu ina watu watatu na boti ya kukodi. Tunashughulika na wasichana wanaoacha shule kwenye vijiji vya mwambao wa kusini, huko ambako masika barabara ikikatika unabaki na ziwa tu. Tulianza kama kampuni ya dhamana isiyo na hisa, tukasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Yalipokuja mabadiliko ya sheria ya 2019, kampuni za namna yetu zinazofanya kazi za NGO zikatakiwa kuhamia kwa Msajili, na muda wenyewe ulikuwa kiduchu, mpaka mwisho wa Agosti mwaka ule. Tukakimbizana, tukahama, tukapata cheti cha miaka 10. Mshauri mmoja tuliyemlipa (simtaji, na nadhani hata yeye aliamini alichokisema) akatuambia: "Sasa nyinyi ni NGO, mambo ya kodi sahauni."

Tukasahau kweli.

Ritani, yaani taarifa ya mapato kwa TRA, ya mwaka 2020 ilitakiwa iwe imefika 30 Juni 2021. Sisi tumeipeleka Februari 2022, tena baada ya mfadhili kutaka hati ya kuonyesha kwamba hatudaiwi. Kodi ya mapato ya mwaka ule ilikuwa sifuri, maana hakikubaki kitu. Faini ya kuchelewa je? Pointi 15 kwa kila mwezi, na pointi moja wakati ule ilikuwa shilingi 15,000. Yaani 225,000 mara miezi 8. Milioni moja na laki nane, juu ya sifuri.

Halafu kuna nyumba. Tumepanga chumba cha ofisi Mwanga kwa 300,000 kwa mwezi. Kumbe asasi inatakiwa ikate 10% na kuipeleka TRA, ndiyo kodi ya zuio. Nilipomwambia mwenye nyumba kwamba kuanzia sasa nitampa 270,000, alicheka, akaniuliza ni wapi nimeona mpangaji anajipunguzia kodi mwenyewe. Ni lugha yetu hii inayotuponza: ya nyumba kodi, ya serikali nayo kodi. Nilimweleza kwa nusu saa. Hakuelewa, na sidhani kama nami nilikuwa nimeelewa.

Hoja yangu ni kwamba serikali iliyonisajili ndiyo hiyohiyo inayonitoza. Msajili napelekea taarifa kila mwaka. Mkataba wa mfadhili ukizidi milioni 20, unapelekwa kwake na Hazina. Wananijua kuliko shangazi yangu. Sasa TRA waniulize tena mimi ni nani kwa sababu gani?

Mfanyabiashara wa dagaa, Kibirizi

Pole mkuu, ila huruma yangu ni ndogo. Mimi natokwa na jasho hapa mwaloni, nalipa makadirio, nalipa leseni, nalipa ushuru wa mazao gunia kwa gunia, na hakuna siku mtu aliniuliza kama nina nia njema. Mji huu tumeziona NGO za kila aina tangu enzi za wakimbizi. Nyingine zina magari kuliko kituo cha polisi. Mkisema cheti kitoshe, mwaka hautaisha kila mwenye duka atakuwa "mkurugenzi mtendaji". Mpaka bucha itakuwa ya hisani.

Mhasibu, Kasulu

Mwanzisha mada, nakuheshimu kwa kusema wazi yaliyokupata, wengi huyaficha mpaka siku wanafunga ofisi. Lakini ruhusu nikupinge, maana dawa unayoiomba haitibu ugonjwa ulioueleza.

Tuseme leo Bunge limekusikia na cheti kinatosha. Ritani ungetakiwa kupeleka vilevile. Faini ya milioni 1.8 ingekupata vilevile. Zuio la pango ungekata vilevile, kwa sababu ile si kodi yako, ni ya mwenye nyumba, wewe ni mkono wa kuipokea tu. Kodi ya mishahara nayo hivyohivyo. Uamuzi wa Kamishna haukuondolei hata kimoja kati ya hivyo. Unakupa kitu kimoja: namna ya kuhesabiwa mapato yenu chini ya kifungu cha 64 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004.

Na hapo ndipo watu wengi hawafiki. Wanadhani hisani maana yake msamaha. Siyo. Sheria inasema kazi ya taasisi ya hisani ni biashara, ila biashara inayoruhusiwa kutoa mambo mawili kabla ya kodi: fedha zote zilizotumika kwenye malengo yake, na asilimia 25 ya mapato yake kama akiba. Kinachobaki juu ya hapo kinatozwa 30% kama cha kampuni yoyote.

Chukua asasi iliyopokea milioni 40. Imetumia 28 kwenye kazi, zimebaki 12. Robo ya 40 ni 10, hiyo inasalimika. Milioni 2 zinatozwa, kodi yake ni 600,000. Asasi ile haikuiba, haikugawana. Kosa lake ni kwamba mfadhili alituma awamu ya pili Desemba badala ya Januari. Nimeliona hili zaidi ya mara moja. Wenyewe wanashangaa: "Lakini hela ni za mradi wa mwakani!" Ndiyo, na sheria ina mlango wa hilo: unamwandikia Kamishna kabla, unamweleza mradi unaowekea akiba, anakubali au anakataa. Ambaye hana uamuzi wa hisani hana hata hiyo robo.

Sasa kwa nini cheti kisitoshe? Kwa sababu vipimo ni viwili tofauti. Msajili anaangalia kama mmejiunga kwa hiari, hamgawani faida, si chama cha siasa, si klabu ya michezo, na kadhalika. Kifungu cha 64 kinauliza mnafanya nini hasa: kupunguza umaskini au dhiki ya umma, kuendeleza elimu, afya ya jamii, maji, barabara. Asasi inaweza kuwa halali kabisa kwa Msajili na bado ikapata shida kwenye orodha hiyo. Wanaotetea haki za binadamu wanalijua hili, wanalazimika kueleza kazi yao kwa lugha ya elimu au ya umaskini. Hapo ndipo ningetaka tupige kelele, orodha ipanuliwe. Elimu kwa wasichana imo tayari. Wewe ungepata.

Mwanzisha mada

Mhasibu, umenipiga pabaya. Nakubali faini isingeondoka. Lakini niambie, mtu wa Buhingu au Kalya ajue haya yote kutoka wapi? Sikuambiwa na aliyenisajili, na niliyemlipa alinipotosha.

Na hapo sijafika kwenye nahodha wa boti. Safari moja ya kusini inakula mafuta na ujira kuliko mshahara wa mwezi wa mtu wetu wa uwandani. Nahodha ananiandikia kwenye karatasi ya daftari, anatia dole gumba. Risiti ya EFD, ile mashine ya TRA, ataitoa wapi katikati ya Ziwa Tanganyika?

Mzee wa Ujiji

Wanangu, si kuna wasaidizi wa kisheria? Serikali ilitunga sheria yao 2017, hapa mtaani tunao, na hawatozi. Waende huko.

Dada wa Kibondo

Mzee wangu, shikamoo. Wale wapo na wanafanya kazi nzuri ya mirathi, ndoa na mashamba. Lakini sheria ile imewekwa kwa ajili ya mtu asiye na uwezo, haikuwekwa kwa taasisi. Na ukimpelekea hesabu za kifungu cha 64 atakurudisha kwa Mhasibu wa Kasulu.

Nami nina langu. Nimefanya kazi miaka sita na mashirika ya kimataifa kambi ya wakimbizi ya Nduta, na kabla ya hapo Mtendeli mpaka ilipofungwa 2021. Mashirika yale yana idara ya fedha, yana wakili Dar es Salaam anayelipwa kila mwezi, na barua ya TRA ikija haimfikii mtu wa uwandani hata kuisoma. Halafu shirika hilohilo linachukua asasi ya Kibondo au Kakonko, linaipa milioni 15 za "kujenga uwezo wa wenyeji", na kwenye bajeti mstari wa gharama za ofisi ni kama sadaka. Mhasibu hayumo, ushauri wa sheria haumo. Mwisho wa mradi wanadai vitabu safi na hati kwamba hudaiwi. Nimewahi kukaa upande ule wa meza nikizidai, na naona haya kusema kwamba hata siku moja sikuuliza wale wenzetu watazitoa wapi.

Kwa hiyo tunagombana na Msajili na Kamishna wakati mwenye deni ni mfadhili. Anayetaka asasi iwe safi kwa sheria za nchi alipie usafi huo. Asasi nazo ziache kuandika bajeti za kujipendekeza.

Mfuga nyuki, Sikonge

Nachungulia kutoka Tabora. Sisi hatukupata hata nafasi ya kukosea kodi, tulikosea mlango. Tulikuwa kikundi cha watu 20 na mizinga. Tukaambiwa NGO ndiyo yenye misaada. Tukaanza kuandika katiba ya NGO. Mmoja wetu aliyesoma kidogo akauliza: tukiuza asali, hela tunagawana? Tukajibu kwa sauti moja, tunagawana! Akasema basi sisi si NGO, na kile kifungu cha kutogawana tulichokiandika tunajidanganya.

Tumeishia kwenye ushirika. Ningeshauri hapo Kigoma nanyi mjichunguze, hasa wenye mawese. Kuna asasi huko ni vikundi vya biashara vilivyovaa kanzu.

Mfanyabiashara wa dagaa, Kibirizi

Hicho ndicho nilichokisema tangu mwanzo. Asante Sikonge.

Mhasibu, Kasulu

Dada wa Kibondo amesema kweli ila asiwasafishe wenye asasi moja kwa moja. Nina mteja mwenye "wajitolea" wanne. Wanafika saa mbili, wanatoka saa kumi, wanalipwa kila tarehe 28, miaka mitatu sasa. Nikimwambia hao ni waajiriwa, ananijibu ni posho. Posho ya kila mwezi ni mshahara, hata ukiibatiza majina saba.

Tena ukihesabu, kodi yenyewe mara nyingi ni senti. Mtu wa 350,000: toa 35,000 ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), inabaki 315,000. Shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi. Zinabaki 45,000, asilimia 8 yake ni 3,600. Kwa kukwepa 3,600 inayotakiwa iwe imepelekwa ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata, mtu anajifungia faini asizoziweza.

Kuhusu nahodha: mfanyabiashara mdogo asiyelazimika kuwa na mashine, mchukulie hati yenye jina lake, namba ya simu, TIN (namba ya mlipakodi) kama anayo, tarehe, safari ya wapi na saini. Iweke pamoja na ripoti ya safari na orodha ya shule mlizofika. Siahidi kwamba kila mkaguzi ataipokea. Najua tu kwamba dole gumba peke yake halipokelewi.

Na ushauri wa bure upo, hata kama haujakamilika: TRA wana watu wa elimu kwa mlipakodi mkoani. Nenda na maswali yaliyoandikwa, uombe majibu kwa maandishi. Jibu la mdomo ukirudi nalo ofisini huwa limeshabadilika njiani.

Mwanzisha mada

Nimesoma yote. Sirudi nyuma kabisa ila nasogea. Cheti kisitoshe, sawa, maana nisingependa kukaa mstari mmoja na bucha ya hisani. Lakini maombi mawili yawe safari moja. Siku afisa maendeleo ya jamii anaponipa cheti, fomu ya kuomba uamuzi wa Kamishna iwe juu ya meza hiyohiyo, na karatasi moja ya tarehe: 7 ya kila mwezi, 31 Machi ya makadirio, 30 Juni ya ritani. Karatasi ile ingeniokolea milioni 1.8. Haihitaji Bunge, inahitaji mashine ya kutoa kopi.

Mfadhili wetu mpya nimemwandikia jana, nimeweka mstari wa mhasibu kwenye bajeti kwa mara ya kwanza. Bado hajajibu. Dada wa Kibondo, akikataa nitakuomba unisaidie kuandika barua ya pili, wewe unaijua lugha yao.

Mwenye nyumba amekubali kupokea 270,000, kwa sharti kwamba nimpe karatasi ya TRA kuthibitisha kwamba ile 30,000 sijaila.

Mfanyabiashara wa dagaa, Kibirizi

Huyo mwenye nyumba ni mtu wa Kigoma halisi. Nami ningedai karatasi.