Mrejesho: skrubu za kava la klachi zimetoka

Wakuu, ile pikipiki Yamaha DT ya marehemu babu niliyoiulizia, iliyogoma skrubu za kava la klachi, imefunguka. Chumvi ya bahari hapa Raskazone, Tanga, haina huruma. Kumbe skrubu za Kijapani zina nyota yake, ya JIS (kipimo cha viwanda vya Japani). Bisibisi nyota ya kawaida huruka na kula kichwa. Mafuta ya kulegeza kutu yalilala usiku kucha. Fundi wa Ngamiani akapasha kava moto (tangi tulishalitoa), maana aluminiamu hutanuka kuliko chuma, kisha bisibisi ya kugonga (ile inayojizungusha ukiipiga nyundo): nyundo moja, krak! Unga mweupe, kutu ya aluminiamu, ukamwagika. Skrubu iliyolika kichwa tulitoboa kichwa kwa drili, shina likatoka na plaizi. Mpya nimezipaka grisi. Na wewe uliyeshauri patasi, hapana ndugu yangu!