TUPEANE UZOEFU: Kura yako ya mchujo Marekani ilifika ikiwa bado ina kazi?

DerevaWaTheluji (Minnesota), mleta mada

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa walioko Marekani ambao wameshakula kiapo cha uraia na wanapiga kura. Nani anafaa kuwa rais tusijadili hapa, nyuzi za hivyo zimejaa. Nataka tusimuliane habari ya tarehe tu.

Nyumbani kura za maoni za ubunge chama kinapiga nchi nzima kwa kipindi kimoja. Huku mchujo wa urais, yaani kura ya chama kumpata mgombea wake, unaanza Januari au Februari mpaka Juni, jimbo baada ya jimbo, na kila matokeo yakitoka wagombea wanapukutika. Wa Juni anakuta sahani ya mifupa.

Naanza na yangu, ambayo ni kinyume. Jumanne Kuu, siku ambayo majimbo mengi yanapiga kwa pamoja, Machi 3, 2020, mchujo wa Democratic. Mimi naendesha lori, sijui kesho nitalala wapi, kwa hiyo nikapiga kwa posta katikati ya Februari. Nikaweka wino, nikalamba bahasha, nikajiona raia wa mfano. Machi 1 mgombea mmoja, Buttigieg, akajitoa. Machi 2 Klobuchar, seneta wa hapa hapa Minnesota, naye akajitoa, vituo vinafunguliwa kesho yake. Mmoja wa hao wawili ndiye niliyempa kura. Sheria ilikuwa inaruhusu kuifuta kura ya posta upewe nyingine, ila mwisho ni siku saba kabla. Habari nilizisikia redioni nikiwa kwenye maegesho ya malori Nebraska, mkononi nina kahawa ya moto, nikacheka peke yangu. Biden akachukua Minnesota, mtu ambaye wiki mbili kabla walikuwa wameshamwandalia matanga.

Haya, leteni zenu.

BintiUvira (Iowa)

Bandugu, jambo. Sisi tulitoka Uvira, tukakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka, leo tuko Iowa, jimbo ambalo kila mtu alikuwa analionea wivu kwamba linaanza.

Kwetu ilikuwa kokasi, mkutano kabisa, si karatasi ya kutumbukiza. Jumatatu Februari 3, 2020, saa moja jioni uwe umefika. Ukumbi wa michezo wa shule, harufu ya raba na jasho la watoto. Kila mgombea ana kona yake. Unatembea kwa miguu yako kusimama kwa mtu wako, na jirani anakuona. Wanahesabu vichwa. Kona isiyofika asilimia 15 inavunjwa, na hao waliovunjiwa wanagombaniwa kama abiria stendi. Mama mmoja mzungu alinifuata na kopo la biskuti alizooka mwenyewe, ananieleza habari za bima ya afya. Nikala mbili, nikashukuru, nikaenda kona nyingine.

Kurudi nyumbani tukawasha tivii: hakuna namba. Programu ya simu ya kutuma hesabu ilikuwa imegoma. Nchi nzima ilikuwa inatungojea sisi, tukawa kichekesho cha wiki.

Lakini ninalotaka kusema ni hili: mume wangu yuko kiwanda cha nyama, zamu ya jioni. Saa moja hiyo amesimama kwenye mstari na kisu. Kwa hiyo katika nyumba moja, mimi nilikuwa mpiga kura wa kwanza wa Marekani, yeye hakuwepo kabisa. Mkisema "Iowa ina sauti", uliza Iowa ya zamu ipi.

Jaduong_77

Iowa mwaka huo chama cha Democratic kiliipa wajumbe, wale wa kwenda mkutano mkuu kumpitisha mgombea, 41 kati ya 3,979. California 415. Sasa nani anieleze kwa nini wenye 41 ndio wanaopigiwa magoti?

DerevaWaTheluji

Hao 41 si kitu, Jaduong. Wanachotoa ni upepo. Ukishinda pale, wachangiaji wanafungua mifuko, kamera zinakufuata. Ukishindwa vibaya, hela ya mafuta ya kwenda jimbo la pili unakosa. California inakuja kuchagua kwenye kilichobaki.

BiKidawa_LA

Kilichobaki, kweli. Juni 7, 2016 ndiyo ilikuwa siku yetu California. Mimi nalea wazee majumbani, nikaomba ruhusa kwa bosi, nikapiga pasi baibui langu tangu jana yake maana ndiyo kura yangu ya kwanza tangu niapishwe. Jumatatu ile usiku shirika la habari la AP likatangaza kwamba Hillary Clinton keshatimiza hesabu ya wajumbe. Karatasi zetu hata hazijaguswa! Nikaenda hivyo hivyo, baibui lishapigwa pasi.

Na wagombea wenyewe huku tunawajua kwa foleni. Barabara imefungwa, ving'ora, ukiuliza unaambiwa fulani anakwenda kuchangisha kwenye jumba la tajiri. BintiUvira yeye keshapewa biskuti.

2020 jimbo likasogeza tarehe hadi Machi 3, tukapiga vigelegele. Bahasha zikaja mapema Februari, na waliokimbilia kuzirudisha yakawakuta ya huyu dereva wetu. Mimi yangu niliilaza kwenye droo ya vijiko mpaka Jumanne yenyewe, nikaipeleka kituoni kwa mkono.

MtuWaTandika (Houston)

Nyie wa juzi hamjaona 2008. Mwaka ule majimbo zaidi ya 20 yalikimbilia Jumanne Kuu, Februari 5, kila moja linataka sauti. Walipomaliza, Obama na Clinton wako bega kwa bega. Sisi Texas tuliobaki nyuma, Machi 4, ndio tukawa wafalme. Walizunguka huku mpaka tukawazoea.

Na Texas ilikuwa na kituko chake: unapiga kura mchana, halafu vituo vikifungwa usiku unarudi kwenye mkutano, unasaini jina, wajumbe wengine wanatoka hapo. Nimetoka kazini karakana, mikono ina grisi, nakuta watu wamejaa mpaka maegesho, karatasi za kusaini zimeisha, watu wanaandika majina kwenye kurasa za daftari la mtoto. Tumeondoka karibu saa tano usiku. Clinton alishinda kura za mchana. Obama akashinda mikutano ya usiku, na wajumbe wa Texas wakaishia 99 wake, 94 wa Clinton. Mtindo huo baadaye ulifutwa, lakini aliyerudi usiku ule alikula mara mbili.

Kwa hiyo msiniambie mapema ndiyo mali. Wa mapema waligombania meza moja, sisi tukakaa na wageni wetu wiki mbili.

Jaduong_77

Basi kila jimbo si lijichagulie tarehe nzuri?

MtuWaTandika (Houston)

Mwaka huo huo Michigan na Florida zilijisogeza hadi Januari bila ruhusa ya chama. Zikanyang'anywa wajumbe. Baada ya kelele nyingi, mwisho wa Mei ikaamuliwa kila mjumbe ahesabiwe nusu kura. Nusu mtu!

Kipepeo_Bronx

Yangu ni tarehe ambayo wengi hawaioni kabisa. New York mchujo ni wa wanachama waliojiandikisha tu. 2016 tulipiga Aprili 19. Mimi nilikuwa nimejiandikisha bila chama. Mwezi wa pili nikachangamka, nataka nijiunge nipige. Nikaambiwa mwisho wa kubadili chama ulikuwa Oktoba 9, 2015. Oktoba! Mwezi huo mimi nilikuwa nafikiria koti la baridi. Sheria imelegezwa tangu hapo.

2020 nikajipanga mapema, korona ikaja, siku ikasogezwa hadi Juni 23. Sanders, mpinzani wa mwisho wa Biden, alikuwa ameshasimamisha kampeni tangu Aprili 8. Urais hapo ni kumalizia tu. Lakini mnasahau kitu: karatasi ile ile ilikuwa na kiti cha Bunge. Eliot Engel alikuwa anakikalia tangu 1989, na siku hiyo Jamaal Bowman akamng'oa. Mtaa wetu ni wa Democratic tupu, uchaguzi mkuu wa Novemba ni sherehe tu. Aliyebaki nyumbani kwa sababu "urais umeisha" alikosa uchaguzi wenyewe.

Mngoni_Columbus

Ohio, Machi 17, 2020. Usiku wa kuamkia, vituo vikafungwa kwa ajili ya korona. Ikaja kuwa Aprili 28, kwa posta. Machi nilikuwa na wa kuchagua. Aprili nikamkuta mmoja.

Sina zaidi.

BintiUvira (Iowa)

Jaduong, kuna wanaosema basi majimbo yote yapige siku moja. Nako nina wasiwasi. Carter, aliyekuja kuwa rais, 1976 alikuwa gavana mstaafu wa Georgia, nje ya kwao hawamjui. Alianzia huku kwetu, mlango kwa mlango. Na aliyemtangulia kwenye hesabu hakuwa mtu, lilikuwa kundi la "hatujaamua"! Siku moja nchi nzima, mtu wa namna ile matangazo ya California anayalipa na nini?

Hata hivyo kwa Democratic ukwanza wetu umekwisha. 2024 waliiweka South Carolina mbele, Februari 3. New Hampshire ikagoma, maana sheria yao inawataka watangulie wengine kwa siku saba au zaidi, ikapiga Januari 23. Jina la Biden, aliyekuwa rais wakati ule, halikuwa hata kwenye karatasi. Watu wakaliandika kwa mkono, akashinda. South Carolina wenyewe wakapewa nafasi ya mbele mwaka ambao hakuna mbio.

DerevaWaTheluji

Hiyo 2024 ilinifundisha kitu. Michigan, Februari 27, watu zaidi ya 100,000 waliweka alama ya "hatujaamua" kupinga msimamo wa Biden kwenye vita vya Gaza. Machi 5 zamu yetu Minnesota, karibu mtu mmoja kati ya watano akafanya hivyo, na safari hii nilipiga siku yenyewe, lori nimeliegesha mtaa wa nyuma. Mgombea alikuwa anajulikana, lakini tulipata wajumbe 11.

Wa New Hampshire hakuna humu?

Mgeni_Portland

Mimi niko Maine, naapishwa Aprili ya mwaka wa uchaguzi nikijaliwa. Mara ya mwisho hapa walipiga Machi. Wakirudia hiyo Machi, kura yangu itasubiri miaka minne mingine, pamoja na hii picha ya pasipoti niliyopiga leo?

BiKidawa_LA

Piga na ya pili, mwanangu. Uso utabadilika.