Madalali wa hariri: walikula jasho lao au waliwabania watu tu?

Wakuu, kuna mdau juzi kasema Waparthi (watawala wa kale wa Uajemi, Iran ya leo) na baadae Waajemi wa Sasani (ukoo uliotawala baada yao) hawakukosea kitu kwenye biashara ya hariri ya Uchina kwenda Roma, eti ukikaa katikati ya njia kula cha juu ni haki yako. Mi nakubali nusu tu.

Cheki kisa cha Gan Ying. Mwaka 97 BK jenerali wa Kichina Ban Chao kamtuma akaitafute Roma, jamaa kakata majangwa mpaka kafika baharini, yamkini ni Ghuba ya Uajemi, anaulizia chombo cha kuvuka. Mabaharia wa pale kwa Waparthi wakamwambia upepo ukikubali ni miezi mitatu, ukikataa miaka miwili, ndo maana watu hubeba chakula cha miaka mitatu, halafu huko majini mtu anashikwa na hamu ya kwao mpaka wengine wanakufa. Kageuza. Kaingizwa mjini mchana kweupe! Wachina wenyewe wakaja kuandika kwenye historia yao kwamba Warumi walitaka kuwafikia ila Waparthi wanaziba njia ili hariri ipite mikononi mwao.

Na msidhani nawatetea Warumi. Plinio, mwandishi wao, analia sesterce (sarafu za Kirumi) milioni 100 kila mwaka zinaishia India, Uchina na Arabuni, huku serikali yake mpakani inakata robo nzima ya thamani ya mzigo, asilimia 25. Hapo nani mnyonyaji?

Dalali ninayemheshimu mimi ni Msogdi, mfanyabiashara wa Samarkand kule Asia ya Kati. Huyu anatembea na mzigo wake, anajua lugha za watu, akifia njiani kafia njiani, cha juu chake kakitolea jasho. Anayekaa getini na fimbo ni mtu mwingine kabisa jamani, tusiwachanganye.

Msogdi mmoja, Maniakh, enzi Waturuki wa Asia ya Kati wanatawala kwao, kaenda kwa Khosrow wa Kwanza, mfalme wa Uajemi wa Sasani, kuomba ruhusa ya kuuza hariri Uajemi. Khosrow kainunua yote, kalipa bei kamili, halafu kaichoma moto mbele ya wenye mzigo! Ujumbe wa pili ukaenda, karibu wote wakafa, Waajemi wakasema ni ukavu wa nchi yao haukuwakubali watu wa theluji (Waturuki wakasema sumu). Basi Maniakh akawazunguka kwa kaskazini, mwaka 568 yuko Konstantinopoli, mji mkuu wa Warumi wa mashariki, kwa kaisari Justin wa Pili.

Sasa mdau aliyesema ni haki, sikia kilichotokea huko. Miaka kama 15 nyuma, kwa sababu ya kuchoka na hao hao Waajemi, watawa walikuwa wameshawapenyezea Warumi hao mayai ya nondo wa hariri, wakayafukia kwenye samadi yapate joto, yakaanguliwa. Justin akawaonyesha Waturuki wale viwavi wanavyozaliwa na kusokota uzi. Wakabaki midomo wazi.