Mnaosema Osimhen "kaishia" Uturuki, hebu njooni hapa

Wakuu, nimechoka. Kila ikiguswa habari ya Victor Osimhen, yule mshambuliaji wa Nigeria, lazima atokee mjuaji aseme jamaa ana tamaa ya hela, msumbufu, ndiyo maana kaishia Uturuki. Hivi mnajua alichofanyiwa Napoli, klabu yake ya Italia, au mnaropoka tu?

Tarehe 4 Mei 2023 Napoli wako Udine, washapigwa moja, wanatafuta pointi moja tu wabebe ubingwa walioukosa miaka 33. Nani alisawazisha? Huyo huyo msumbufu wenu. Msimu ule kafunga mabao 26, Mwafrika wa kwanza kuwa mfungaji bora wa Serie A, ligi kuu ya Italia. Na alikuwa anacheza na barakoa, maana Novemba 2021 aligongana na Škriniar wa Inter, mifupa ya uso ikavunjika, akafanyiwa upasuaji. Mtu kavunjika sura akiwa na jezi yao!

Septemba ya mwaka huohuo wa 2023 kakosa penalti dhidi ya Bologna, mechi ikaisha 0-0. Basi akaunti ya TikTok ya klabu, narudia, ya KLABU YAKE, siyo ya mashabiki wa Juventus, ikarusha video ya kumcheka, na kisauti chembamba cha kumwigiza anaomba penalti. Ikaonekana na nyingine inamfananisha na nazi. Nazi! Kelele zilipozidi wakafuta, wakasema hawakukusudia kumkosea. Ingekuwa mimi, ningeondoka siku hiyo hiyo.

Yeye kabaki, Desemba akaongeza mkataba. Humo wakaweka bei ya kumng'oa, kama euro milioni 130. Ndiyo, alisaini mwenyewe, hapo sibishi. Lakini dirisha la 2024 dili la Chelsea likafa, la Al-Ahli ya Saudi Arabia likafa, na Napoli wakamkata kwenye kikosi kama mpangaji anayedaiwa kodi. Jezi yake namba 9 nayo wakampokonya.

Halafu mtu anakaa kwenye kochi anasema "tamaa". Huyu kauza maji kwenye foleni za magari Lagos. Wolfsburg ya Ujerumani alitoka bila bao hata moja la ligi, akaugua malaria, akaenda majaribio Ubelgiji, Zulte Waregem wakamkataa, Club Brugge wakamkataa. Charleroi, nao wa Ubelgiji, ndio waliomchukua, tena kwa mkopo. Mngekuwepo enzi hizo mngesema kaisha akiwa na miaka 19.

Napoli walipomkata, Galatasaray ya Uturuki walimpokea kwa mkopo, akawafungia 26 kwenye ligi, wakabeba ligi na kombe. Mwaka 2025 wakatoa euro milioni 75 kumnunua moja kwa moja. Hiyo ndiyo hela ya mchezaji aliyeisha?

Na nyie mnaoiita ligi ya Uturuki "ligi ya wazee", Novemba 2025 kaenda Amsterdam, Ligi ya Mabingwa, kawapiga Ajax tatu peke yake. Mbili za penalti.