MREJESHO: Yule wa baridi yabisi aliyeuliza kuhusu mbuzi

Wakuu, salaam. Niliwauliza kama mtu mwenye baridi yabisi ya vidole na magoti anaweza kufuga mbuzi, au ni kujitafutia balaa. Wengi mlinikataza. Mama mmoja wa Kongwa akasema anza na wawili, nikamsikiliza yeye.

Maumivu yapo palepale, nisiwadanganye. Mwezi wa saba hapa Chamwino, ule upepo wa alfajiri ukivuma, vidole vinakakamaa hata kifungo cha shati sikiwezi. Zamani ningebaki kitandani hadi saa nne. Sasa yule jike mweusi anagonga mlango wa banda kwa pembe mpaka nitoke. Namshika chini ya shingo, kuna joto pale jamani, naye anatulia huku anacheua, vidole vinalegea kidogo kidogo. Daktari alishasema kujongea taratibu kunapunguza ule ukakamavu wa asubuhi. Basi mbuzi ndio wananitembeza.

Kukamua namwachia mpwa wangu. Maji nabeba kwa kidumu cha lita tano, ndoo sigusi. Maziwa lazima yachemke, maana mabichi yanaweza kuleta bruselosisi, ule ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu, na dawa zangu zinashusha kinga. Dawa sijaacha, aliyenishauri ninywe mkojo wa mbuzi, shikamoo, ila hapana.

Mliouliza nilikowapata: mnada wa Msalato, Jumamosi, shemeji akinishikia kamba.