Tulilipia mchanga wa Faliraki, tukatupwa kwenye mawe ya Ixia: hizi kampuni za likizo zinazionea familia

Wakuu salaam. Nina hasira na sitaificha. Uzi huu nauandika kwa ajili ya familia zetu zilizoko Ujerumani, Uholanzi, Ubelgiji na kwingineko Ulaya, zile zinazojinyima mwaka mzima ili shule zikifungwa watoto nao wapelekwe baharini. Ukiona tangazo la likizo ya familia kwenye visiwa vya Ugiriki, soma hapa kwanza kabla hujatoa hata senti moja.

Sisi tulinunua kwa kampuni ya Ujerumani kifurushi cha kwenda kisiwa cha Rhodes, Ugiriki. Ndege, basi la kutoka uwanja wa ndege, hoteli ya nyota nne, chakula na vinywaji, vyote ndani ya bei moja. Faliraki tuliichagua kwa makusudi, na anayekijua kisiwa kile ataelewa kwa nini. Rhodes ina pande mbili zisizofanana hata kidogo. Mashariki, kuanzia Faliraki kuteremka Tsambika mpaka Lindos, kuna mchanga na maji yaliyotulia. Magharibi, Ixia na Ialyssos, ni kokoto na mawe, na majira ya joto upepo wanaouita meltemi hupiga siku nenda siku rudi. Huko ndiko wanakokwenda wale wa kuteleza juu ya mawimbi kwa mbao zenye tanga, na wanapapenda kwa sababu ya upepo huohuo. Wao ni haki yao. Lakini si mahali pa mtoto wa miaka minne, wala si mahali pa mama yangu mwenye magoti mabovu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga.

Kampuni ilikuwa na habari zote hizo. Umri wa watoto tuliujaza kwenye fomu. Tuliandika kwamba tunasafiri na mzee. Tuliandika tunataka ufukwe wa mchanga usiohitaji kuvuka barabara. Wakatujibu kwa barua pepe kwamba imethibitishwa, na barua hiyo ninayo.

Tumetua usiku, mdogo amelala begani kwa mama yake, tukapandishwa basi. Wengine wakawa wanashushwa, sisi tumekaa. Mke wangu akafungua ramani kwenye simu akaona tunashushwa Ixia. Tukauliza. Kijana wa kampuni akasema hoteli ya Faliraki imejaa, tumepangiwa nyingine "ya hadhi ileile". Hapakuwa na simu kabla ya safari, hapakuwa na ujumbe, hapakuwa na samahani. Wanauza vyumba kuliko vilivyopo wakitegemea kuna watakaoghairi, na wasipoghairi, wanatafuta wa kumhamisha.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana ndicho kilichonifanya niandike. Pale mapokezi, usiku wa manane, tukawekewa karatasi mezani. Kwa Kijerumani, maandishi madogo, kwamba tumekubali hoteli mbadala na hatutakuwa na madai yoyote baadaye. Bila saini hakuna funguo. Mama amekaa juu ya sanduku, ameshika kiuno. Watoto wawili wamelala sakafuni kwenye vigae. Utafanya nini? Utabeba familia nzima uende wapi saa hizo, kisiwa cha watu, Agosti, hoteli zote zimejaa?

Hapo ndipo penye unyama wenyewe. Kijana asiye na mtoto anaweza kukunja mikono akagoma mpaka meneja aamshwe. Mwenye familia hawezi, na wao wanalijua hilo vizuri kabisa. Uchovu wa watoto wetu ndio wanaoutumia kama kalamu ya kutusainisha. Mke wangu, Mungu ambariki, aliichukua karatasi ile akaandika kwa mkono juu ya saini yake kwamba anapokea kwa kulazimika na haki zake zote anazihifadhi, akaipiga picha mbele yao. Yule wa mapokezi alinuna, lakini funguo alitoa.

Funguo zenyewe mbili, za vyumba viwili, ghorofa tofauti. Na hili nalo ni la kulisemea. Hoteli nyingi za aina hii zimejengwa kwa familia ya baba, mama na watoto wawili. Ukiwa na watatu, au ukiwa na bibi yao, wewe si familia tena kwenye mahesabu yao, unageuka wateja wa vyumba viwili. Sisi tulilipia vyumba viwili vyenye mlango wa kupitia katikati, na hilo lilikuwa limeandikwa. Tulichopewa: mimi na watoto wawili ghorofa ya nne, mke wangu na mama na mdogo ghorofa ya kwanza, dirisha linatazama barabara kuu ya pwani ambako pikipiki na mabasi hayakomi. Tulilipia kuona bahari. Mama alikuwa akiona kituo cha basi.

Halafu ikaja kodi. Ugiriki inatoza kodi ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi kwa kila chumba, kila usiku. Ilianza 2024, na tangu 2025 hoteli ya nyota nne ni euro 10 kwa chumba kuanzia Aprili hadi Oktoba, ya nyota tano ni euro 15. Sina ugomvi na kodi hiyo. Kisiwa hichohicho Julai 2023 kiliungua mpaka watu wapatao 19,000 wakahamishwa, wenyeji na wageni, na fedha za kujikinga lazima zitoke mahali. Ugomvi wangu ni kwamba kodi ni kwa chumba, vyumba vyetu ni viwili kwa sababu hawana chumba cha kutosha familia, na aliyetuuzia kifurushi cha "kila kitu ndani" hakututajia hata kwa mstari mmoja. Tumeijua pale kaunta, tunadaiwa papo hapo.

Ufukwe ndio uliotuumiza zaidi. Kwanza unavuka barabara ile yenye magari, mtoto mmoja mkono huu, mwingine mkono ule, mzee nyuma. Ukifika ni mawe ya ukubwa wa yai, yamechomwa na jua, na mawimbi yanapiga kwa nguvu mpaka mawe yanaviringika miguuni. Mama amekulia pwani ambako maji yakipwa unatembea mbali ukiokota kome, basi siku ya kwanza alikaa akingoja yapwe ili ashuke na wajukuu. Mediterania haipwi namna hiyo, maji yanapanda na kushuka kidogo mno. Kwa maana nyingine, ukipewa ufukwe wa mawe ni mawe asubuhi mpaka usiku, hakuna saa ambayo mchanga utajitokeza ukuokoe. Mdogo wetu aliangushwa na wimbi dogo tu, akachubuka goti na kiganja, na tangu hapo akikaribishwa majini analia. Tumesafirisha mtoto kilomita zaidi ya elfu mbili kwenda kumfundisha kuiogopa bahari.

Tukabaki na bwawa la hoteli. Huko nako kuna vita vya taulo. Kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi vitanda vyote vya kivulini vimeshatandikwa taulo, wenyewe hawapo, wanarudi saa tano. Kibao kipo kinachosema kitanda kisichokaliwa kitaondolewa taulo, ila hakuna anayeziondoa. Nikamwomba mhudumu, akainua mabega akaondoka. Bibi na wajukuu wakawa wanakaa kwenye ngazi za zege juani.

Na jambo ambalo sitalimung'unya: mlinzi wa bwawa alikuwa anatutaka sisi tuonyeshe bangili za hoteli. Sisi tu. Watu wamejaa pale, amewapita wote, amekuja kwa mama yangu aliyejitanda khanga yake, akamwambia anyanyue mkono. Kesho yake tena. Nilipomuuliza mbele ya watu kwa nini hamuulizi mwingine, akasema ni kazi yake. Binti yangu mkubwa ana miaka kumi na mmoja, anaelewa kila kitu. Siku zilizobaki alikuwa anatembea amekunja mkono wa shati ili bangili ionekane kabla hajaulizwa. Niliporipoti, meneja alisema ataongea naye. Hakuna kilichobadilika.

Chakula nisichukue muda mrefu. Bafe ilikuwa kubwa, ila nyama hazikuwa na vibao vya kueleweka. Sheria ya Ulaya inawalazimisha watoe taarifa za vitu 14 vinavyoleta mzio, karanga, maziwa, samaki na kadhalika. Nguruwe hayumo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo ukiuliza ndani ya mchuzi kuna nini unajibiwa "nyama". Tulikula samaki, wali na saladi, na saladi zao ni nzuri, hilo nalisema kwa haki. Lakini tuliuliza kabla ya kununua, tukaambiwa kila chakula kina maelezo.

Tumelalamika. Si kwa mdomo tu. Kwa mwakilishi wa kampuni, kwa maandishi, na picha, tangu asubuhi ya kwanza, tukitaka tupelekwe Faliraki au popote upande wa mashariki. Jibu lilikuwa "tunashughulikia" mpaka siku ya kupanda ndege. Tuliporudi wakatuma barua ya kutushukuru kwa uvumilivu, pamoja na vocha ya euro 150 ya kutumia kwenye safari nyingine ya kwao wenyewe. Yaani fidia yangu ni mimi niwarudishie tena pesa zangu. Nimeikataa.

Nimekaa nikasoma, na haya nayaweka hapa kwa faida ya kila mwenye familia. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya vifurushi vya safari, namba 2015/2302, inayotumika tangu Julai 2018, inasema aliyekuuzia kifurushi ndiye anayewajibika kwa kila kilichomo, hata kama aliyeharibu ni hoteli. Usikubali akwambie "kawaulize hoteli". Akikupa mbadala wa hadhi ya chini kuliko ulichonunua, lazima apunguze bei, na punguzo hilo unaweza kulidai kwa fedha taslimu badala ya vocha. Karatasi ya kuachia haki hizo, hata ukisainishwa, haikufungi. Ila ulalamike ukiwa hukohuko, kwa maandishi, mapema, maana ukinyamaza ukaja kudai nyumbani watakwambia hukuwapa nafasi ya kurekebisha. Kwa Ujerumani una miaka miwili tangu safari ilipopangwa kuisha.

Viwango vya punguzo navyo vipo. Mahakama ya Frankfurt ilitoa jedwali mwaka 1985 ambalo mpaka leo mawakili na majaji huliangalia, ingawa si sheria. Kukosa mandhari ya bahari uliyoahidiwa ni asilimia 5 hadi 10 ya bei. Umbali wa ufukwe tofauti na ulioahidiwa, 5 hadi 15. Kelele za usiku, 10 hadi 40. Jumlisheni wenyewe muone euro 150 inasimama wapi.

Na wanaosema habari za taulo ni mambo madogo, mahakama haikuona hivyo. Desemba 2023, mahakama ya Hannover iliamua kesi ya familia iliyokwenda Rhodes, kisiwa hikihiki, mwaka 2022. Hoteli ilikuwa na kanuni ya kutoacha taulo kwa zaidi ya nusu saa bila mtu, na haikuitekeleza. Kampuni ya safari ikaamriwa irudishe zaidi ya euro 320. Kwa taulo tu. Sisi tumenyimwa ufukwe mzima.

Ninachodai nimekiandika kwenye barua: tofauti ya bei ya hoteli hizi mbili, punguzo kwa kila siku tuliyokaa Ixia, kodi ya chumba cha pili kwa kuwa hawakuitaja, na maelezo ya maandishi kuhusu mlinzi yule. Hilo la mwisho silibadilishi kwa pesa. Nataka mtu mwenye cheo aweke jina lake chini ya jibu.

Mnisaidie, wakuu. Aliyewahi kuhamishwa hoteli na kampuni ya Ujerumani, iwe Rhodes, Krete, Kos au Mallorca, aandike hapa walimjibu nini na alirudishiwa kiasi gani. Aliyefika Amtsgericht, yaani mahakama ya ngazi ya chini ya Ujerumani, bila wakili anieleze alianzaje na gharama za kufungua shauri zilikuwaje. Na kama kuna mtu alisainishwa karatasi kama ile usiku wa manane watoto wakiwa sakafuni, anitumie picha yake kwenye ujumbe wa faragha, afute majina. Nataka nizipeleke mahakamani zikiwa nyingi. Kwenye barua yangu ya mwisho nimeipa kampuni mpaka mwisho wa mwezi huu.