Tupeane uzoefu: bonsai ya kwanza, nini huiua na nini huiokoa

Kokoto Nyekundu
Wakuu, salamu. Kila wiki anakuja mtu humu kuuliza kwa nini bonsai yake ya fikasi, yaani mti unaokuzwa ukiwa mdogo kwenye sinia la kina kifupi, imedondosha majani yote siku kumi tu baada ya kununuliwa. Tuyaweke yote hapa, wageni wakute sehemu moja.

Naanza na hilo hilo la majani. Fikasi ya majani madogo, ile benjamina, haipendi kuhamishwa. Ilizoea jua la kitaluni, wewe umeiweka pembeni ya kochi. Inadondosha majani ili iote mengine yanayofaa mwanga mpya. Haijafa. Kwangua gome kidogo kwa ukucha: chini ya gome pakiwa kijani na unyevu, mti ni mzima. Kosa linakuja hapo, kwamba mtu akiona majani yanadondoka anaongeza maji. Mti usio na majani haunywi karibu chochote, kwa hiyo mizizi inakaa kwenye tope na kuoza. Weka panapopata jua la asubuhi, punguza maji, usiuhamishe tena. Wiki tatu mpaka sita utaona vichipukizi.

Binti Kizimkazi
Ukucha tu, hakuna kipimo kingine. Pakiwa kahawia usikate tamaa, shuka chini kwenye shina ukwangue tena. Tawi linaweza kufa na shina likabaki hai.

Mzee wa Mkwaju
Mmeanzia kwenye majani, lakini ugonjwa uko kwenye udongo. Vijana, mnisome kwa utulivu.

Miche ya vitaluni imeoteshwa kwenye udongo mweusi na mboji, ndani ya kiroba kirefu, na humo hukua vizuri kabisa. Udongo huo huo ukiuweka kwenye sinia la kina cha sentimita tano unageuka tope. Kwa nini? Chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe, ilaze bapa kiganjani mpaka iache kudondosha. Sasa isimamishe kwa ubavu wake mwembamba. Maji yataanza kutoka tena! Sponji ni ile ile, kilichobadilika ni kimo. Udongo mlaini nao uko hivyo hivyo, daima hubakiza tabaka la maji chini, na sinia likiwa fupi tabaka hilo ndilo lilipo mizizi yote. Mizizi inakosa hewa, inakuwa myeusi, inanuka kama mtaro.

Dawa ni punje kubwa. Wajapani wanatumia akadama, udongo mgumu wa punje. Kwetu tofali la kuchoma linafanya kazi hiyo. Mchanganyiko wa fikasi: sehemu mbili kokoto za tofali, sehemu moja vijiwe vyepesi vya volkano au mchanga wa mto ule mkubwa, sehemu moja mboji iliyoiva. Ponda tofali, chekecha kwa wavu wenye matundu ya milimita 6, kinachopita kichekeche tena kwa wavu wa mbu wa dirishani. Vumbi linalopita hapo litupe lote. Kinachobaki kioshe mpaka maji yatoke masafi.

Kabla ya yote, loweka vipande vya tofali usiku kucha. Asubuhi vikimumunyika, tofali halikuiva, litupe. Tofali lenye saruji usiliguse, chokaa yake hailingani na mizizi. Mchanga wa baharini pia usiulete, una chumvi.

Kipupwe
Mzee shikamoo. Nakubaliana na wewe karibu kote, isipokuwa robo nzima ya mboji kwa mtu wa Dar. Masika ya Aprili mvua inapiga sinia siku nne mfululizo, mboji inashika maji yote. Kwa pwani punguza, au sinia likae chini ya baraza.

Mzee wa Mkwaju
Marahaba. Ukiondoa mboji, mwambie basi mgeni kwamba Januari na Februari atamwagilia mara mbili kwa siku. Ukisema nusu tu ya habari, unaua mti wa mtu.

Kipupwe
Kweli, niliacha hilo. Kokoto tupu kwenye sinia dogo, jua la Januari, ni asubuhi na jioni.

Msimamizi wa Maji
Ndiyo maana swali la "nimwagilie kila baada ya siku ngapi" halina jibu la namba. Njombe mwezi wa sita sinia linaweza kukaa siku tatu bado bichi. Tumia kijiti cha mishikaki: kichomeke sentimita tatu karibu na shina, kiache dakika kumi, kitoe, kiweke shavuni. Kikiwa baridi na kimelowa, subiri. Kikiwa na unyevu wa mbali, mwagilia. Usingoje kikauke kabisa.

Na kumwagilia ni kumwagilia. Kopo lenye matundu madogo, mimina mpaka maji yatoke chini, ngoja dakika tano, rudia. Mara ya kwanza ni kulowesha punje, ya pili ndiyo inanywesha. Udongo ukikauka mno maji hupita pembeni tu, kati pakabaki pakavu. Hapo tumbukiza sinia kwenye beseni mpaka mapovu yakome. Kunyunyizia majani kwa chupa hakunyweshi mti.

Mama Vichipukizi
Na zile kokoto nyeupe zilizogandishwa juu ya udongo kwa gundi! Zing'oeni siku hiyo hiyo mnapofika nyumbani. Maji yanateleza juu yake, ndani pakavu, na wewe unadhani umemwagilia.

Binti Kizimkazi
Sinia lisilo na tundu pia. Toboa au badilisha.

Njombe Baridi
Kuhamisha mti kwenye sinia jipya tufanye lini? Mmoja aliniambia Machi, mwingine Oktoba.

Kipupwe
Oktoba. Joto linapanda, mizizi inapona kabla ya mvua kubwa.

Mama Vichipukizi
Machi mwanzoni! Hewa ina unyevu, majani hayakauki wakati mizizi imekatwa. Mbona tunawatisha watu na mvua wakati baraza lipo?

Mzee wa Mkwaju
Wote mko sawa kama sinia linakaa chini ya paa wiki tatu za kwanza. Kosa ni Juni na Julai nyanda za juu, fikasi imelala kwa baridi na vidonda vinakaa wazi. Kwa Njombe, ngoja Oktoba.

Hatua zake: funika matundu ya sinia kwa wavu, pitisha waya mbili kutoka chini. Toa mti, chambua mizizi kwa uma wa mezani kuanzia nje kwenda ndani. Kata minene inayoshuka chini, bakiza myembamba, usizidi theluthi ya mizizi yote. Weka kichuguu cha kokoto, kalisha mti, uzungushe kushoto na kulia ukae. Funga kwa zile waya. Jaza, kisha chokonoa kwa kijiti mpaka punje ziingie katikati ya mizizi, pasibaki mashimo ya hewa. Mwagilia mpaka maji yatoke bila vumbi. Kivulini wiki tatu, mbolea baada ya mwezi.

Kisha shika shina, nyanyua taratibu. Sinia likinyanyuka nalo, umefunga vizuri. Mti unaocheza kwa upepo hukata mizizi mipya kila siku, na hautashika.

Mgeni wa Sinia
Asanteni sana. Swali la kitoto: bonsai inaishi miaka mingapi hasa? Muuzaji aliniambia mitano.

Kokoto Nyekundu
Mitano! Upo msonobari mweupe wa Kijapani unaokuzwa kwenye sinia tangu mwaka 1625. Ulikuwa wa familia ya Yamaki, Hiroshima. Agosti 1945 bomu la atomiki lilipoanguka, ulikuwa uani kwao, kilomita tatu hivi kutoka lilipolipuka, nyuma ya ukuta. Nyumba ilivunjika vioo, mti ukasimama. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa zawadi kwa Marekani, uko Washington mpaka leo. Waliokuwa wakiutunza hawakujua kisa hicho mpaka wajukuu wa Yamaki walipoenda kuutembelea mwaka 2001.

Mama Vichipukizi
Subhanallah. Robo karne wanaumwagilia na hawajui.

Binti Kizimkazi
Kwa hiyo karne nne hakuna aliyesahau maji. Nimesisimka mwili.

Mgeni wa Sinia
Basi mimi nataka msonobari!

Kipupwe
Hapana ndugu, tulia. Misonobari ya aina hiyo inahitaji majira ya baridi ili ipumzike, Dar itachoka na kufa. Na jamii ya mtarakwa hudanganya: inaweza kufa na ikabaki kijani wiki kadhaa. Anza na fikasi, au mkwaju, au bogenvilia.

Msimamizi wa Maji
Au waridi la jangwani, ila hilo lina sheria zake: acha udongo wake ukauke kabisa kabla ya kumwagilia tena. Utomvu wake ni sumu, umetumika kwenye mishale. Vaa glavu, weka mbali na watoto.

Waya Mbili
Nimechelewa, ila hakuna aliyegusa waya ya kupindia matawi. Tumia ya aluminiamu, unene theluthi ya tawi: tawi la milimita 6, waya ya milimita 2. Zungusha kwa mshazari, nyuzi 45, usibane wala usilegeze. Pinda taratibu, vidole gumba vikae upande wa ndani wa mpindo. Fikasi hunenepa haraka, kwa hiyo kagua kila wiki; mara nyingi waya inatoka kati ya wiki ya nne na ya nane. Ikianza kuzama kwenye gome, toa. Ikate kipande kipande kwa koleo, usiizungushe kuirudisha, utavunja tawi.

Mama Vichipukizi
Mtu wa kwanza waya ya nini? Acha tawi liote majani sita mpaka manane, kata ubakize mawili. Umbo linakuja kwa mkasi. Maziwa ya fikasi yakitoka nyunyizia maji, yasikuingie machoni.

Waya Mbili
Mkasi hauteremshi tawi lililosimama wima.

Mama Vichipukizi
Uzi wa kushonea viatu unateremsha, ukifungwa kwenye sinia.

Kokoto Nyekundu
Vyote vinateremsha, jamani. Mtu wa wadudu yuko wapi?

Binti Kizimkazi
Nipo. Fuata sisimizi. Wakipanda shina kwa mstari, juu kuna wadudu gamba au wale weupe kama pamba, na majani yatakuwa yananata. Kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja, mswaki laini, sugua jioni, suuza asubuhi. Rudia baada ya siku saba, mayai hayafi mara ya kwanza. Mbolea: NPK gramu 1 kwa lita 1, kila wiki mbili, udongo ukiwa umelowa. Samadi mbichi inaunguza mizizi.

Mgeni wa Sinia
Nimekwangua mti wangu sasa hivi. Kijani mpaka nusu ya shina, juu pakavu.

Mzee wa Mkwaju
Kata pale kijani kinapoanza, sentimita moja juu yake. Kisha uache hapo hapo ulipo.